Laki na Tisini Elfu na Themanini

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na sita. Mgongo wangu mzima, meno yote yamo, na ndevu bado zinashauriana kama zije au zisije. Najua ninyi wadogo zangu mliorithi mkeka wangu mnacheka. Chekeni. Mimi nilikuwa mpiga hesabu wa mirathi wa Maalim Abeid hapa Chole kwa miaka mitatu, na miaka mitatu ya kugawa vya wafu ni mirefu kuliko thelathini ya kuwinda pweza. Pweza hana wajomba.

Asubuhi bado niko shule ya serikali, jioni bado niko chuoni kwa Maalim, kwa hiyo naandika hapa katikati, baada ya kula, wakati watu wazima wamejinyoosha na hakuna wa kuniuliza naandika nini. Mengine Maalim atawafundisha mwenyewe. Haya hatawaambia, kwa kuwa mimi ndiye niliyeyafanya.

Siku ya kwanza nilipelekwa na mama. Alimwambia Maalim, "Huyu mtoto ana hesabu na hana adabu. Nakuachia vyote viwili." Maalim hakucheka. Maalim hucheka mara mbili kwa mwaka, kila Idi mara moja. Alinitazama akasema, "Mtu amekufa. Kaacha ng'ombe mmoja na warithi saba. Utafanyaje?"

"Tumchinje," nikasema.

"Hilo jibu la tumbo. Kaa chini tukutafutie la kichwa."

La kichwa ni hili, nanyi mtalisikia mpaka masikio yaote magugu. Maalim hapendi vipande. Ukimwambia mjane achukue thumuni, na mama achukue sudusi, na kilichobaki wagawane watoto, wa kiume mawili na wa kike moja, watu wataanza kushikana mashati juu ya neno "kilichobaki". Kwa hiyo hatuwapi watu vipande. Tunatafuta namba moja nzima ambayo ukiikata kwa nane haibakishi kitu, ukiikata kwa sita haibakishi kitu, na ukiwagawia watoto haibakishi kitu. Mali yote inahesabiwa kuwa mafungu ya namba hiyo, na kila mrithi anatoka na mafungu yake mazima. Ile ndogo kuliko zote zinazofaa ndiyo namba ya marehemu.

Marehemu wengi wana namba za kiungwana: nane, ishirini na nne, sabini na mbili. Balaa huanza pale mali haijagawiwa na mrithi naye akafa. Fungu lake nalo linataka namba yake, na namba ya kwanza inalazimika kuimeza. Akifa wa tatu, inameza tena. Watu wanapungua, namba inanenepa. Mkisikia ukoo unasema, "Tutagawa, haraka ya nini," korogeni wino.

Vifaa mnavyo: ubao uliopakwa udongo mweupe, kalamu ya mwanzi, wino wa masizi unaokaa kwenye kanzu kuliko kwenye karatasi, na kete za bao za kuhesabia. Zaidi ya hivyo kuna mizani mbili zisizoshikika. Ya kwanza ni mizani ya tisa. Unajumlisha tarakimu za namba, na ukipata kinachoingia tisa, yaani kinachokatika kwa tisa bila kubakisha, namba yenyewe inaingia tisa. Mali yote ikiingia tisa, basi mafungu ya warithi wote ukiyapima pamoja lazima nayo yaingie tisa. Ya pili ni ya kumi na moja. Hapo tarakimu unazitenga kwa zamu, moja upande huu, inayofuata upande ule, kisha unatoa upande mmoja katika mwingine. Ikibaki sifuri, au kumi na moja, namba inaingia kumi na moja.

Na baada ya mizani zote mbili, unajumlisha mafungu yote kwa mkono kama muuza maandazi. "Tisa ni mlinzi mwenye jicho moja," Maalim alikuwa akisema. "Kumi na moja analo la pili. Kujumlisha ni kwenda mwenyewe kutazama." Sheria ni zote tatu, kila mara. Mimi nilikuwa naona tatu ni nyingi. Mlinzi mmoja akisema kuko salama, kwa nini umwamshe wa pili?

Sasa shauri lenyewe. Ndagoni yuko mjane anaitwa Bi Zuhura. Mumewe alikufa akamwachia watoto wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, na minazi elfu moja mia moja themanini na minane. Namba ya mzee yule ilikuwa nane. Nane tu! Mama fungu moja, kila mwana mawili, binti moja. Wangegawa asubuhi wakala mchana. Hawakugawa.

Mwana wa kwanza akafa, akaacha mke, wavulana wawili na msichana. Namba ikawa mia nne na themanini. Mwana wa pili akafa, akaacha mke na wasichana watatu. Ikawa elfu moja mia nne na arobaini. Kisha akafa binti yao, Mwanaidi, akaacha mume, wavulana wanne na wasichana watatu. Wavulana mawili mawili, wasichana moja moja, jumla yao kumi na moja, na kumi na moja haijapata kuwa rafiki ya mtu. Namba ikaruka kutoka pale ilipokuwa mpaka laki moja na tisini elfu na themanini.

Tuliipata mimi na Maalim kwa siku nne. Sitasema uongo, niliipenda. Inakatika kwa mbili mara saba ndipo inachoka, kwa tatu mara tatu, kwa tano mara moja, kwa kumi na moja mara moja, basi, imekwisha. Ukiijaribu kwa saba inakugomea, inabakisha mbili. Watoto wa Mwanaidi ni saba na saba haimo. Iliyomo ni kumi na moja yao. Na ndogo kuliko hiyo haipo, maana ukitaka kuipunguza hata kidogo utamkata mtoto wa mtu. Warithi walikuwa kumi na wanane, na kila mnazi mmoja ulikuwa mafungu mia moja na sitini.

Na tulihimizwa. Boma la Wadachi lilitaka kila mnazi uandikwe kwa jina la mwenyewe, na karani wao angefika Ndagoni siku maalumu kuichukua karatasi. Tena nyumbani kwa Bi Zuhura walikuwamo wajukuu sita, mayatima wa wale wanawe wawili, wanakula chungu kimoja. Mafungu yao yalikuwa chini ya ami yao, Bwana Salumu, mwana pekee aliyebaki hai, mpaka wakue. Na Bwana Salumu kufungua mkono ilikuwa kama kufungua chaza. Kwa hiyo kitu ambacho bibi yule angeweza kuangua bila kumwomba mtu ruhusa ni minazi yake mwenyewe tu. Hayo niliyajua, msije mkasema sikuyajua.

Siku ya kuandika karatasi safi, Maalim alishika ubao akasoma, mimi nikaandika. Maalim husoma namba Kiarabu, na Mwarabu hutanguliza kidogo kabla ya kikubwa: tatu na arobaini elfu. Miaka mitatu nimemsikia na sijakosea. Siku ile nilikuwa na hadhira. Wenzangu wawili walikuwa mlangoni, nami nilikuwa nawaonyesha jinsi Bwana Salumu anavyotembea na mwavuli mpya, tumbo mbele, mwavuli nyuma, shingo katikati inatafuta njia. Fungu la Bi Zuhura lilikuwa 43,670. Nilisikia tatu, nikaandika tatu. Nikasikia arobaini, nikaandika nne. 34,670. Kisha nikainua shingo kama Bwana Salumu, wakacheka, nikaendelea.

Tukaosha ubao. Nikapima kwa tisa. Tatu na nne na sita na saba ni ishirini. Nne na tatu na sita na saba ni ishirini vilevile, mlinzi hakuona kitu. Maji yalikuwa yamejaa na wenzangu walikuwa wakielekea kuogelea. Nikasema, "Maalim, imesimama." Maalim akatia sahihi yake chini ya maandishi yangu.

Tulivuka maji, tukatembea mpaka Ndagoni, tukaanza kutia alama. Mnajua desturi: kila mwenye mnazi ana mkato wake, anaukata kwa panga kwenye shina, na mnazi hausahau panga. Mkato wa Bi Zuhura ni mistari miwili iliyolala. Wa Bwana Salumu umepinda kama mwezi mchanga. Walikubaliana bibi aanzie pwani aje kuelekea nyumbani kwake, ili safu ya kisimani, nyuma ya jiko lake, iwe ya mwisho wake. Nilikuwa nikiita hesabu kwa sauti kubwa, najiona. Tulipofika mia mbili na kumi na sita nikasema, "Basi, bibi. Kipande cha mnazi kinachozidi tutakitia kwenye minazi ya shirika, ya wenye vipande wote."

Bi Zuhura akasimama na panga lake. Safu ya kisimani ilikuwa mbele yake, hajaigusa. "Imekwisha?"

"Imekwisha, bibi."

"Marehemu mume wangu aliniambia nitafika kisimani."

"Marehemu hakuwa mpiga hesabu," nikasema, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alitazama ile minazi, akamtazama mjukuu aliyekuwa akiteka maji chini yake, akaondoka.

Tuliendelea na warithi wengine siku ile na ya pili. Jioni ya pili warithi wote kumi na wanane walikuwa wameshapata, vipande vimewekwa kwenye minazi mitatu ya shirika, na minazi hamsini na sita imesimama pale kisimani haina mwenyewe. Na katika ile mitatu ya shirika, robo ya mnazi mmoja nayo haina mwenyewe.

Bwana Salumu akafungua mwavuli, ingawa jua lilikuwa limeshalala upande. "Maalim, sheria inasemaje? Wenye mafungu wakishapewa yao, kilichobaki ni cha mwanamume wa karibu. Mwanamume wa karibu hapa nani?"

Maalim aliitazama ile minazi, kisha akanigeukia mimi. "Karatasi imepimwa?"

Tumbo langu lilijua kabla ya kichwa. "Imepimwa, Maalim," nikasema.

Nikaenda kisimani, nikafuta mchanga kwa kiganja, nikaanza kupima kwa kumi na moja. Mikono ilikuwa ya baridi kama ya mwosha maiti. Hapa ndipo namba ile ilipokuwa na huruma kuliko mimi. Shauri la Mwanaidi lilipoingia, mafungu ya wengine wote yalizidishwa kwa mia moja thelathini na mbili, na hiyo ni kumi na moja mara kumi na mbili. Kwa hiyo ukiwatoa wale watoto saba, kila mrithi lazima fungu lake liingie kumi na moja bila kubakisha. Nikampima Bwana Salumu: sifuri. Wakwe wa Bi Zuhura: sifuri, sifuri. Mayatima sita wote: sifuri. Mume wa marehemu Mwanaidi: sifuri. Nikabaki na bibi. Tatu na sita na sifuri ni tisa. Nne na saba ni kumi na moja. Toa tisa. Mbili.

Nikazigeuza zile mbili za mwanzo. Nne na sita na sifuri, kumi. Tatu na saba, kumi. Sifuri.

Mafungu elfu tisa. Minazi hamsini na sita na robo. Nilikaa pale nikihesabu mengine: karani wa boma anakuja kesho, karatasi ina mwandiko wangu na sahihi ya Maalim, na mtu anayeipelekea serikali karatasi ya uongo hupigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, tena hadharani. Ishirini na tano haigawiki kwa mbili. Hata tukishirikiana na Maalim, kimoja kitabaki. Hiyo ndiyo mizaha iliyokuwa ikinijia, na hakuna hata mmoja ulionichekesha. Nikarudi nikala, sikujua nakula nini. Sikusema.

Asubuhi niliamshwa na panga. Ko, ko, ko. Bwana Salumu alikuwa ameshaanza safu ya kisimani, na wajukuu wa Bi Zuhura wamesimama na ndoo wanamtazama. Nilihesabu mikato yake, kwa mazoea tu: kumi na tisa. Nilipomfikia alikuwa anainua panga kwa wa ishirini.

"Bwana Salumu, shikamoo. Simamisha panga."

"Marahaba. We nani wa kunisimamisha?"

"Mimi ndiye niliyeandika karatasi. Nimekosea."

"Jana imesimama, leo imelala?" Akacheka, akawageukia watu waliokuwa wakija. "Sikieni! Kitoto hiki kimeota hesabu!"

Maalim alikuja na kanzu haijakaa sawa. Sikungoja aniulize. Nilisema yote, na tatu na nne, na mwavuli, na kuogelea.

"Ulipima kwa tisa," akasema.

"Ndiyo, Maalim."

"Kwa kumi na moja?"

"Sikupima. Ila jana, nilipokuwa nimeshachelewa."

"Ulijumlisha?"

"Sikujumlisha."

"Na jana nilipokuuliza mbele za watu?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Bwana Salumu alisema karatasi ina sahihi, na sahihi ni sahihi, na kilichobaki ni cha mwanamume wa karibu, hayo si maneno yake. Ndipo Maalim akaongea kwa sauti ambayo sijaisikia tena. "Salumu, wewe ulishahesabiwa humu, na fungu lako umelipata. Palipo na mwana wa kiume, mirathi haibakishi kitu. Ikibaki hata robo ya mnazi mmoja, hesabu ndiyo iliyokufa. Mikidadi, jumlisha. Chini, hapo, tuone sote."

Nikajumlisha mchangani, watu kumi na wanane na majirani wao wamenizunguka, jasho linadondokea tarakimu. Kwa karatasi yangu: laki moja themanini na moja elfu na themanini. Kwa fungu la kweli la bibi: laki moja na tisini elfu na themanini. Mtoto mmoja wa Mwanaidi, ambaye hajui hata kuvaa kofia sawasawa, alisema, "Hiyo ya pili ndiyo yenyewe." Hata yeye aliijua.

Bwana Salumu bado alikuwa na panga juu. Bi Zuhura akamfikia, akalishika kwa upole kama anayempokea mgeni mzigo. "Mwanangu," akasema, "ulipokuwa mdogo ulikuwa ukila ndizi za wenzio, ukiulizwa unasema zilikuwa zimebaki. Nilidhani umekua." Watu wakaangua kicheko, na Bwana Salumu akaona afadhali acheke nao.

Karani wa boma alifika kabla ya adhuhuri. Maalim alichukua kalamu, akaikata sahihi yake mwenyewe mbele ya watu wote, mstari mmoja mrefu, kisha akamwambia, "Karatasi hii ilikuwa na kosa, na kosa ni langu. Ngoja tukuandikie nyingine." Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Karani alitaka tu kuwahi maji kabla hayajatoka. Alisema, "Andikeni upesi," akaomba dafu. Kumbe mtu unaweza kukosa usingizi kwa ajili ya mtu anayetaka dafu. Lakini ule mstari juu ya jina la Maalim, wadogo zangu, ningebadilishana nao kwa viboko.

Adhabu yangu Bi Zuhura ndiye aliyeitoa: nikate mikato yake mimi mwenyewe, minazi yote hamsini na sita, na ile kumi na tisa yenye mwezi wa Salumu niikate juu ya mwezi. Alikaa kwenye kinu akinitazama. Nilipofika wa arobaini na kitu, viganja vimechubuka, akaniita.

"Mikidadi, nikifa mimi, hii inakwenda wapi?"

Nilijua. Mwana aliye hai huwazuia wajukuu. "Kwa Bwana Salumu, bibi."

"Yote?"

"Yote."

Aliinamisha kichwa, nikadhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anahesabu. "Na wasia?"

"Theluthi unaweza kumwachia asiyekurithi."

"Basi wale sita wachukue theluthi. Mwite Maalim na mashahidi wawili, uandike sasa hivi."

Tukakaa. Nikagawa 43,670 kwa tatu. Zikabaki mbili. Nikagawa tena, zikabaki zilezile, nikaweka kalamu chini. "Haigawiki, bibi. Itabidi namba yote izidishwe mara tatu."

"Izidishe. Unaogopa nini, itapasuka?"

Laki tano na sabini elfu mia mbili na arobaini. Nikapima kwa tisa. Nikapima kwa kumi na moja. Nikajumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na Maalim pembeni yangu anafuata kwa kidole. Nilipomaliza nikamkabidhi kalamu, nikamwambia hii ni ya mwisho.

"Miaka mitatu nangoja uogope," akasema. "Sasa umejua kuogopa, ndipo unaondoka?"

"Ndiyo, Maalim."

Bi Zuhura hakuwa na haja na mambo yetu. "Wajukuu wangu wamepata minazi mingapi?"

"Tisini, bibi. Na wa tisini na moja, kasoro kidogo. Mafungu kumi katika mia nne na themanini ya mnazi huo yanabaki nje."

"Nje kwa nani?"

"Kwa Bwana Salumu."

"Mwandikie," akasema. "Hayo kumi mwandikie kabisa, asije akasema mama yake alimnyima."